Injini iliyokarabatiwa ikifa, nani hulipa?

Mwenye lori ambalo injini yake imekufa huwa na njia tatu. Anaweza kununua injini mpya kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, anaweza kununua iliyotumika Japani ikaingia kupitia Mombasa au Dubai, au anaweza kununua iliyofunguliwa na kukarabatiwa hapa nchini. Kwa wafanyabiashara wengi wa Nairobi njia ya kwanza haimo kabisa katika hesabu. Bei ya injini mpya yaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Kwa hiyo wengi huelekea barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa biashara bado huiita Grogan, au Eneo la Viwanda, wakiwa na fedha za mkopo mfukoni na gari likiwa limelala gereji.

Biashara hiyo ina manufaa yake. Injini iliyokarabatiwa vizuri hufanya kazi miaka mingi, na bila soko hilo magari mengi ya mizigo na matatu yangekuwa vyuma chakavu. Tatizo huanza pale injini inapokufa tena baada ya siku chache, muuzaji anaposema kosa ni la fundi aliyeifunga, na fundi anaposema injini ilikuwa mbovu tangu dukani. Mnunuzi hubaki katikati akiwa na deni la benki na gari lisilotembea.

Wengi huishia hapo kwa kuamini kwamba kitu cha mkono wa pili hakina madai. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Hata hivyo, haki iliyomo katika sheria haimfaidi mtu asiyeweza kuithibitisha, na wanaoshindwa mahakamani mara nyingi huwa wameshindwa tangu siku ya kununua, au siku injini ilipokufa.

MFANO WA HESABU

Chukua mfano wa kufikirika, lakini wa aina inayotokea kila siku. Mfanyabiashara wa mboga mwenye lori dogo ananunua injini iliyokarabatiwa kwa Sh210,000. Anamlipa fundi Sh18,000 kuifunga, ananunua oili, filta na maji ya rejeta kwa Sh12,000, na kubeba injini kutoka dukani kunamgharimu Sh5,000. Muuzaji anamwandikia risiti yenye maneno mawili tu, "injini moja", na kumwahidi kwa mdomo kwamba "hii ni kama mpya".

Siku ya 19 injini inaanza kugonga ikiwa njiani, presha ya oili inashuka, kisha inakwama. Kuvutwa hadi gereji ni Sh9,000. Kwa siku sita mfanyabiashara huyo anakodi pikapu kwa Sh7,000 kila siku ili mboga zisioze na wateja wasihame. Akimleta mkaguzi wa kujitegemea, ni Sh10,000 nyingine.

Jumla ya fedha zilizotoka ni Sh306,000. Injini yenyewe ni kama theluthi mbili tu ya hasara yote. Ndiyo maana muuzaji anayesema "lete nikupe nusu ya bei yaishe" huenda anatoa toleo zuri kwake kuliko kwa mnunuzi. Lakini kabla ya kulikataa toleo hilo, mnunuzi lazima ajue ni nini katika hiyo Sh306,000 anachoweza kukithibitisha.

SHARTI LISILOANDIKWA

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, ilifuata kiolezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kifungu chake cha 16 kinaanza kwa kumtahadharisha mnunuzi kwamba kwa kawaida hakuna dhamana ya ubora katika mauzo. Kisha kinataja hali ambazo sheria yenyewe huingiza sharti katika mkataba, hata kama halikuandikwa wala kutamkwa.

Hali ya kwanza ni pale mnunuzi anapomweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa ifanye, kwa namna inayoonyesha kwamba anategemea ujuzi wake, na bidhaa ni ya aina ambayo muuzaji huyo huuza katika biashara yake. Hapo sharti ni kwamba bidhaa iifae kazi hiyo kwa kiasi cha haki. Hali ya pili ni pale bidhaa inapouzwa kwa maelezo na mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Hapo sharti ni kwamba iwe na ubora wa kuuzika.

Kila hali ina mlango wa kutokea. Mnunuzi aliyeagiza kitu mahususi kwa jina lake la kibiashara, bila kusema lolote kuhusu kazi yake, anaweza kuambiwa kwamba hakutegemea ujuzi wa muuzaji. Mlango huo mahakama zimeufanya mwembamba. Katika kesi ya Uingereza ya mwaka 1925, Baldry dhidi ya Marshall, mnunuzi aliomba gari la starehe la kusafiria akauziwa Bugatti. Kutajwa kwa jina hilo katika mkataba hakukumwokoa muuzaji, kwa kuwa mnunuzi alikuwa ameeleza haja yake. Vivyo hivyo, mnunuzi aliyekwisha kuikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Ufa unaoonekana nje ya bloku ni mzigo wa mnunuzi aliyeuona akanyamaza. Beringi zilizokatwa vibaya ndani ya injini iliyofungwa ni jambo lingine.

Somo la kibiashara ni jepesi. Anayesema "nipe injini ya gari fulani" ana haki pungufu kuliko anayesema "nataka injini ya lori la kubeba tani tatu za mboga kutoka Kinangop kila usiku". Maneno hayo yakiandikwa kwenye risiti au kwenye ujumbe wa simu, thamani yake ni kubwa kuliko punguzo la bei.

CHA MKONO WA PILI KINA KIWANGO GANI?

Muuzaji atasema kwamba injini haikuwa mpya, na mnunuzi alijua. Hoja hiyo ina nguvu yake. Mwaka 1965, katika kesi ya Bartlett dhidi ya Sidney Marcus, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema kwamba anayenunua gari lililotumika lazima atarajie kasoro kujitokeza siku moja. Mnunuzi alikuwa ameambiwa mapema kuhusu klachi yenye hitilafu na akapewa bei iliyozingatia jambo hilo. Gharama ilipozidi makisio, alishindwa.

Lakini kesi ya Crowther dhidi ya Shannon Motor, iliyoamuliwa miaka kumi baadaye, inaonyesha upande wa pili. Mnunuzi alichukua Jaguar ya mwaka 1964 kwa pauni 390, ikiwa imetembea maili zaidi ya 82,000. Baada ya wiki tatu na maili zaidi ya 2,000, injini ilikufa. Mwenye gari wa awali alitoa ushahidi kwamba injini ilikuwa imefika mwisho wa maisha yake hata kabla ya kuuzwa. Mahakama iliamua kwamba gari halikuifaa kazi yake siku ya kuuzwa, na mnunuzi alishinda.

Kinachotenganisha kesi hizo mbili ni hali ya kitu siku ya mauzo. Mahakama haiulizi tu kwa nini injini imekufa leo. Huuliza ilikuwaje siku ilipotoka dukani. Kifo cha mapema ni dalili ya jibu, na kadiri siku zinavyokuwa chache ndivyo dalili inavyokuwa nzito. Aidha, neno "imekarabatiwa" lenyewe ni maelezo ya bidhaa. Anayelitumia anasema injini imefunguliwa, imepimwa na vilivyochakaa vimebadilishwa. Ikifunguliwa na kukutwa imeoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa rangi tu, bidhaa haikulingana na maelezo, na hapo suala la umri wa injini halimsaidii muuzaji.

INJINI HUFA KWA SABABU GANI

Kesi za namna hii huamuliwa na chuma kuliko maneno. Kuna makosa yanayoelekea kwa aliyekarabati: vumbi la chuma lililoachwa katika njia za oili, nafasi ya beringi isiyo sahihi, silinda zilizowekwa pistoni mpya bila kuchongwa, silinda hedi yenye ufa ambayo haikupimwa kwa presha, au bolti zilizokazwa kwa kukisia.

Yapo pia yanayoelekea kwa fundi aliyefunga: rejeta iliyoziba ambayo haikusafishwa, bomba la maji lililolegea, pampu ya dizeli ambayo haikurekebishwa, au kipoza oili cha injini ya zamani kilichorudishwa kikiwa bado na chembe za chuma za injini iliyokufa. Chembe hizo huingia katika beringi mpya na kuziua siku chache baadaye. Na yapo ya mwenye gari: kuendesha taa ya oili ikiwaka, kupakia kupita kiasi, au kutorudi kubadilisha oili ya kwanza kama alivyoagizwa.

Wauzaji makini huweka kinga zao. Hubandika kwenye bloku na silinda hedi vidonge vidogo vya chuma ambavyo katikati yake huyeyuka joto likizidi kiasi cha nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Kidonge kikikutwa kimeyeyuka, muuzaji atasema injini ilichemshwa. Wengine hupaka rangi kwenye bolti ili ijulikane kama injini imefunguliwa na mtu mwingine. Mnunuzi naye anapaswa kuvipiga picha vidonge hivyo na rangi hiyo siku ya kwanza, vikiwa bado vizima.

Ndiyo maana kosa kubwa kuliko yote ni kumruhusu fundi aifungue injini iliyokufa "aone tu". Ikishafunguliwa bila muuzaji kujua, hakuna atakayethibitisha kwamba pistoni iliyo mezani ilitoka humo ndani, wala kwamba uchafu ulio katika oili haukuingia gereji. Utaratibu unaofaa ni huu: gari lizimwe na lisiwashwe tena, lipigwe picha likiwa na usomaji wa kilomita, oili kidogo ihifadhiwe katika chupa safi, na muuzaji aandikiwe barua ya kumwita ahudhurie ufunguzi siku na saa iliyotajwa. Asipokuja, kutokuja kwake kunamdhuru mwenyewe. Anayefungua awe mkaguzi asiye na maslahi, kama wale wa Chama cha Magari cha AA au mhandisi wa mitambo aliyesajiliwa, na ripoti yake iseme sababu ya kifo cha injini, siyo tu kwamba "injini ni mbovu".

KURUDISHA AU KUDAI FIDIA

Sharti likivunjwa, mnunuzi ana haki ya kuikataa bidhaa na kudai fedha zake zote. Haki hiyo ni kali lakini hupotea upesi. Hupotea mnunuzi akimjulisha muuzaji kwamba ameipokea, akiitendea bidhaa kama mali yake kwa namna isiyopatana na umiliki wa muuzaji, au akikaa nayo muda wa kutosha bila kusema kwamba ameikataa.

"Muda wa kutosha" waweza kuwa mfupi mno. Katika kesi ya Bernstein dhidi ya Pamson Motors, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1987, mtu alinunua Nissan mpya ambayo injini yake ilikwama baada ya wiki takriban tatu na maili 140 tu. Tone la gundi ya kuzibia lilikuwa limeingia katika njia ya oili tangu kiwandani. Jaji alikubali kwamba gari halikuwa na ubora wa kuuzika, lakini akaamua kwamba mnunuzi alikwisha kuchelewa kulirudisha. Alibaki na fidia tu. Uingereza imebadilisha sheria yake tangu hapo, na tangu mwaka 2015 mtumiaji wa kawaida hupewa siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa haitaji idadi ya siku.

Kwa hiyo mwenye lori wa mfano wetu, akiwa siku ya 19, hana nafasi ya kungoja. Akitaka kurudisha injini, barua ya kukataa iende siku hiyo hiyo au kesho yake, na injini isifanyiwe matengenezo yoyote. Akimruhusu fundi kuitengeneza na kuiwasha tena, atakuwa ameichagua njia ya fidia.

Fidia hupimwa kwa tofauti kati ya thamani ambayo injini ingekuwa nayo kama ingekuwa kama ilivyoahidiwa, na thamani iliyokuwa nayo kweli. Ikiwa chuma kilichobaki kinauzika kwa Sh30,000, hasara ya injini ni Sh180,000. Jumla ya madai inashuka kutoka Sh306,000 hadi Sh276,000. Anayedai bei yote huku akibaki na chuma atakatwa tu.

MAPATO YALIYOPOTEA

Sehemu inayowavunja moyo wafanyabiashara ni mapato ya siku ambazo gari lilikuwa limelala. Kanuni yake ina zaidi ya miaka 170, na kwa bahati ilitokana na kipande cha injini. Katika kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, kranki ya mashine ya kusagia nafaka mjini Gloucester ilivunjika, na wachukuzi walichelewa kuipeleka iliko kuwa ichukuliwe kama kielelezo cha kutengenezea nyingine. Kinu kilisimama. Mahakama ilisema hasara inayolipwa ni ile inayotokana na uvunjaji wa mkataba kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote mbili zingeweza kuifikiria wakati wa kupatana. Wachukuzi hawakujua kwamba kinu hakina kranki nyingine, hivyo faida iliyopotea haikulipwa.

Mwaka 1949, katika kesi ya Victoria Laundry dhidi ya Newman, dobi aliyecheleweshewa boila alipewa faida ya kawaida ya biashara yake, lakini si faida ya zabuni kubwa za kipekee ambazo muuzaji hakuambiwa. Mpaka ndio huo. Muuzaji wa injini ya lori anajua kwamba lori hutafuta fedha. Hajui kwamba mnunuzi ana kandarasi maalumu ya hoteli tano, isipokuwa ameambiwa.

Kisha kuna kanuni ambayo mahakama za Kenya huirudia kila siku: hasara mahususi lazima itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe barabara. Kusema "gari huleta Sh8,000 kwa siku" hakutoshi. Kunahitajika daftari la safari, rekodi za M-Pesa, taarifa za benki au marejesho ya kodi. Mwenye matatu asiyeandika mapato yake ili kukwepa ushuru hugundua siku ya kesi kwamba ameikwepa fidia pia.

Mnunuzi ana wajibu vilevile wa kupunguza hasara. Hawezi kuliacha lori gereji miezi minane na kudai mapato ya miezi minane. Kukodi pikapu kwa siku sita ili biashara isife ni hatua ya busara, na gharama yake hudaika ikiwa kuna risiti.

MAHAKAMA IPI

Hatua ya kwanza ni barua ya madai. Iseme nini kilinunuliwa, lini, kwa bei gani, nini kimetokea, kiasi kinachodaiwa, na siku za kujibu. Mambo mengi humalizika hapo, hasa barua ikiambatana na ripoti ya mkaguzi.

Isipojibiwa, madai yasiyozidi Sh1,000,000 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Zimefunguliwa nyingine katika miji kadhaa tangu hapo. Mahakama hiyo husikiliza madai ya mikataba ya bidhaa na huduma, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Asiyeridhika anaweza kukata rufani Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria tu. Maana yake ni kwamba mwamuzi akiamini kuwa injini ilichemshwa na dereva, uamuzi huo juu ya ukweli hautafunguliwa tena kirahisi.

Madai makubwa zaidi, kama injini ya trela au ya basi pamoja na mapato yaliyopotea, huenda kwa hakimu wa kawaida, ambapo kikomo hufika Sh20 milioni kwa hakimu mkuu. Huko kesi huchukua muda mrefu na gharama za wakili lazima ziingizwe katika hesabu. Madai ya mkataba mmoja nayo hayakatwi vipande. Aliyedai bei ya injini leo hawezi kurudi mwakani kudai pikapu ya kukodi.

Ukomo wa kufungua kesi ya mkataba ni miaka sita nchini Kenya, na Tanzania vilevile. Lakini hakuna chuma kinachongoja miaka sita. Oili humwagwa, beringi hupata kutu, na fundi aliyekuwa shahidi huhamia mji mwingine.

Ikiwa hakuna uhakika kama kosa ni la muuzaji au la fundi, utaratibu wa mahakama unaruhusu kuwashtaki wote wawili pamoja, kila mmoja amnyoshee mwenzake kidole mbele ya hakimu. Ni bora kuliko kumshtaki mmoja na kumsikia akithibitisha kwamba kosa lilikuwa la asiyekuwepo.

Polisi si wakusanyaji wa madeni. Jambo huwa la jinai pale tu muuzaji alipopata fedha kwa udanganyifu wa makusudi, mathalani kwa kuonyesha hati za ukarabati ambao hakuufanya. Injini iliyotengenezwa vibaya kwa uzembe ni madai, siyo wizi.

TANGAZO LA UKUTANI NA JINA LA DUKA

Maduka mengi yana tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inaruhusu pande mbili kuondoa masharti yasiyoandikwa kwa mapatano, lakini mapatano lazima yawepo wakati wa kununua. Tangazo lililochapwa nyuma ya risiti inayotolewa baada ya kulipa limekuja likiwa limechelewa. Aidha, Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inabatilisha maneno yanayojaribu kumnyima mtumiaji masharti hayo, na ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari. Mfanyabiashara anayenunua injini kumi za kuuza tena asitegemee ulinzi huo. Yeye asome mkataba wake.

Kikwazo cha mwisho huonekana baada ya kushinda. Jina lililo juu ya mlango wa duka mara nyingi ni jina la biashara tu, siyo kampuni. Jina la namna hiyo halina mali wala haliwezi kulipa. Anayeshtakiwa ni mwenye jina hilo, na anaweza kutafutwa katika Idara ya Usajili wa Biashara kwa ada ndogo. Hukumu dhidi ya jina lisilo na mtu ni karatasi. Hukumu dhidi ya kampuni isiyo na mali ni karatasi pia, kwa kuwa dalali hawezi kunadi rafu tupu. Kwa hiyo mwenye madai ya Sh276,000 anayepewa Sh200,000 taslimu na muuzaji anayekaribia kufunga duka anapaswa kufikiri sana kabla ya kukataa.

KABLA YA FEDHA KUTOKA

Kwa mnunuzi, risiti iwe na namba ya injini, neno "imekarabatiwa", orodha ya vilivyobadilishwa, kazi itakayofanya, na muda wa dhamana kwa siku na kwa kilomita. Namba hiyo itahitajika pia NTSA, kwa kuwa mabadiliko ya injini huandikishwa katika rekodi za gari. Malipo yafanywe kwa njia inayoacha alama. Injini isikilizwe ikiwaka dukani, kompresheni na presha ya oili zipimwe, na vipimo viandikwe. Fundi atoe hati yake kwamba amesafisha rejeta na kubadilisha kipoza oili.

Muuzaji mwaminifu ana maslahi yale yale. Dhamana iliyoandikwa na yenye masharti ya wazi humlinda dhidi ya dereva aliyeendesha bila maji, kuliko tangazo la ukutani. Anayeagiza injini kutoka Dubai au Japani naye akumbuke kwamba yeye ndiye atakayeshtakiwa Nairobi, na kwamba kumfuata mwuzaji wake ng'ambo kwa injini moja hakulipi. Wenye hekima huiweka hatari hiyo katika bei tangu mwanzo na kutenga fungu la kulipia injini zitakazorudi.

Bei itakayotokana na utaratibu huo itakuwa juu kidogo ya ile ya jirani asiyeandika chochote. Mnunuzi anayeikimbia tofauti ya Sh20,000 na ailinganishe kwanza na Sh306,000 za mwenye lori la mboga.